Amani ilipotua chini: siku nane kutoka Maputo hadi Beira

Jumatano, 27 Septemba 2023. Maputo

Baba yangu mkubwa alivuka Ruvuma mwaka 1987 akiwa askari wa JWTZ, akapelekwa Zambézia, Msumbiji, akarudi Mtwara mwishoni mwa 1988 Tanzania ilipoondoa vikosi vyake. Wenzake wengine wamelala makaburini Naliendele. Kila Julai 25 anavaa shati jeupe anaenda kuwasalimia, na sisi watoto tunamfuata. Habari za huko alikokuwa hajatusimulia. Ukimuuliza, anasema, "Kule kulikuwa na njaa," kisha anauliza kama kuku wamefungiwa.

Nimekua na jibu hilo, na ndilo lililonileta huku. Vita ile, ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo, ilianza 1977 na inakadiriwa ilimaliza watu milioni moja. Ilikwisha kwa saini mjini Roma, Oktoba 4, 1992. Miaka miwili baadaye, watu waliokuwa wakiwindana walipanga foleni moja kupiga kura. Nataka kujua hofu ilitolewaje mioyoni mwa watu, maana saini ya Roma haifiki yenyewe kijijini.

Mwenyeji wangu ni dada wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, niliyesoma naye chuo Dar. Sasa anafundisha sekondari hapa Maputo. Kanipokea uwanja wa ndege na kanga begani, hapa wanaiita kapulana. Tukiwa kwenye chapa, daladala zao, kaniambia, "Dada, ukitaka kumuuliza mtu wa hapa habari za vita, usianze na vita. Anza na mvua."

Nikamuuliza kwa nini mvua. Akasema mwaka 1992 ulikuwa wa ukame mbaya kusini yote ya Afrika, hata askari msituni hawakuwa na cha kumpora mkulima. Kila mtu mzima anaikumbuka mvua iliyofuata.

Alhamisi, 28 Septemba. Maputo

Asubuhi tumekwenda Núcleo de Arte, jumba la wasanii. Nilitaka kuona kazi zilizotokana na mpango ulioanzishwa na Baraza la Makanisa mwaka 1995, chini ya Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana. Jina la mpango maana yake ni kugeuza silaha kuwa majembe, na kila aliyewahi kukaa kanisani anajua limetoka kwa Isaya: "Nao watafua panga zao ziwe majembe." Ukileta bunduki unapewa jembe, au cherehani, au baiskeli, au bati. Huulizwi umeipata wapi wala ulimfanyia nani nini. Silaha zinakatwakatwa, na vipande vingine vinakwenda kwa wasanii. Kiti cha enzi alichokiunda msanii Kester mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki kiko London, British Museum.

Fundi mmoja mwenye mvi alinipa ndege mdogo nimshike. Kiwiliwili chake ni magazini ya AK, ile iliyopinda kama ndizi, na mabawa ni vipande vya kufyatulia risasi vilivyochomelewa. Ni mzito kuliko unavyotegemea. Chini ya tumbo kuna mikwaruzo mitano iliyopangana, imechongwa na ncha ya kisu. Nikauliza kama ni pambo. Fundi akasema hapana, ilikuja nayo, na yeye hupaka vanishi juu yake bila kuifuta. Nilimrudishia kwa mikono miwili.

Mchana tumekaa kwenye kibanda cha matapa, kisamvu cha huku, na dada akanieleza kilichofanyika baada ya Roma. Naandika kwa urefu kidogo kwa sababu nyumbani hatukufundishwa.

Mazungumzo yalichukua miezi 27. Wapatanishi walikuwa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, Andrea Riccardi na padri kijana Matteo Zuppi, ambaye leo ni kardinali, pamoja na Mario Raffaelli wa serikali ya Italia na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira. Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, kiongozi wa Renamo, walipotia saini, Angola ilikuwa imetoka kupiga kura mwezi uliotangulia majeshi mawili yakiwa bado na silaha, na wiki chache baadaye vita ikarudi. Somo hilo liliwaka mbele ya macho ya kila mtu. Umoja wa Mataifa ulipounda kikosi cha ONUMOZ Desemba 1992 chini ya Mwitaliano Aldo Ajello, msimamo ukawa kwamba hakuna uchaguzi mpaka askari waweke silaha chini. Uchaguzi uliotakiwa 1993 ukasogezwa hadi Oktoba 1994.

Jambo la pili ndilo linalobishaniwa hadi leo. Renamo walipewa fedha, mfuko wa zaidi ya dola milioni 15, wapate ofisi, magari na suti, waache kuwa jeshi wawe chama. Wengine wanaita hongo. Mimi nasema mtu aliyeishi porini miaka 15 hashuki mlimani kwa hotuba. Anashuka akiona huko mjini kuna mlango wa kuingilia, na mlango una gharama zake.

Ijumaa, 29 Septemba. Maputo hadi Maxixe

Saa kumi alfajiri tulikuwa stendi ya Junta, na basi likaondoka karibu saa kumi na moja na nusu. Kampeni za manispaa zimeanza, kura ni Oktoba 11. Nguzo zote za barabara zimevaa alama za vyama: ngoma na gunzi la Frelimo, kwale wa Renamo na jogoo wa MDM. Abiria hawazungumzii siasa. Nimeona mama mmoja akimkata mwanawe kwa jicho alipoanza kuimba wimbo wa kampeni.

Mkoa wa Gaza ni korosho mwanzo mwisho, watoto wanakimbiza basi na vifuko. Nimenunua na kuonja. Za Mtwara ni tamu zaidi, nasema kweli.

Kule Gaza nimekumbuka panya. Walipokuwa wakirudi wakimbizi milioni 1.7, wengi wao kutoka Malawi, hofu yao kubwa haikuwa mtu bali ardhi. Mabomu yalikuwa yamefukiwa mashambani, visimani, kwenye nguzo za umeme. Kurudi nyumbani ni jambo moja, kuthubutu kutia jembe ardhini ni jingine. Kazi ya kutegua ilichukua zaidi ya miaka ishirini, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Panya ananusa baruti, anakwaruza ardhi, anapewa ndizi. Uzito wake hautoshi kulipua bomu. Septemba 17, 2015 nchi ilitangazwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Nilimweleza jirani yangu wa kiti, mzee wa Xai-Xai, kwamba panya wale wametoka kwetu. Akanishika mkono akautikisa kama mimi ndiye niliyewanyonyesha.

Jumamosi, 30 Septemba. Homoíne

Kutoka Maxixe unaingia bara kilomita ishirini na ushei. Julai 18, 1987 watu 424 waliuawa hapa, wengine wakiwa vitandani hospitali. Serikali ilisema ni Renamo, Renamo ikakana.

Tulisimama kwenye kaburi la pamoja. Hatukukaa sana.

Mbele ya nyumba ya jirani alikuwepo bibi anakuna nazi. Nikafuata ushauri, nikaanza na mvua. Dada akatafsiri. Bibi akazungumza nusu saa juu ya mvua: ile iliyochelewa, iliyobomoa jiko, iliyokuja baada ya amani mahindi yakapita kichwa cha mumewe. Halafu mwenyewe, bila kuulizwa, akasema mtu mmoja anayesali naye kanisani alikuwepo siku ile, upande wa wenye bunduki. Anamjua kwa sauti. Nikauliza kama amewahi kumwambia. Akasema, "Nimwambie ili iweje? Anajua kwamba najua." Akaendelea kukuna nazi.

Siku kumi tu baada ya Roma bunge lilipitisha sheria ya msamaha kwa wote, pande zote mbili. Hapakuundwa tume ya ukweli, wala hakuna aliyeshtakiwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilipokuwa nasoma habari hii nyumbani niliikasirikia sheria ile. Leo bado naikasirikia, lakini nimekaa na mtu aliyeishi ndani yake miaka 31 na nimeona uzito wake unabebwaje.

Jumapili, 1 Oktoba. Njiani

Masaa kumi na tatu. Baada ya mto Save barabara imekwisha, mashimo yanameza gurudumu zima. Kipande hiki cha Save hadi Muxúnguè ndicho ambacho mwaka 2013 mashambulizi yalirudi, magari yakawa yanapita kwa msafara wa kijeshi. Dereva wetu aliendesha lori enzi zile. Anasema kila lilipopasuka tairi, abiria walilala chini. Leo Muxúnguè tumenunua mananasi dirishani.

Tumelala Inchope, njia panda ya Beira. Maji hayakuwepo.

Jumatatu, 2 Oktoba. Gorongosa

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Milima hii ilikuwa ngome ya Renamo. Kambi yao ya Casa Banana ilitekwa na majeshi ya Zimbabwe 1985, ikawa ya huyu, ikawa ya yule. Dhlakama alirudi kujificha huku vita ilipochachamaa tena, na akafia huku Mei 3, 2018. Agosti 1, 2019 Rais Nyusi na Ossufo Momade, aliyemrithi Dhlakama kuongoza Renamo, walisaini makubaliano Chitengo, ndani ya hifadhi. Kambi ya mwisho, Vunduzi, ilifungwa Juni mwaka huu, na kukamilisha orodha ya wapiganaji 5,221. Kwa hiyo watu ninaokutana nao si wa "zamani" kama nilivyodhani. Baadhi wameweka bunduki chini wakati mimi tayari nimeshakata tiketi ya ndege.

Dada alikuwa na namba ya mwalimu mwenzake, naye akatupeleka kwa wazee wawili wanaomiliki mashine ya kusaga. Mmoja alikuwa jeshi la serikali, alichukuliwa akitoka disko mjini Beira akiwa na miaka 17. Mwingine alikuwa Renamo, alichukuliwa shambani akiwa na 13, hakumbuki mwezi. Wote wawili walipelekwa kwenye kambi za kukusanyia askari mwaka 1994. Kambi zilikuwa 49 nchi nzima, 29 za serikali na 20 za Renamo.

Nilidhani watanieleza furaha. Wakanieleza kuchoka. Tarehe za kuachiwa zilisogezwa, chakula hakikutosha, na katikati ya 1994 askari wa pande zote mbili waliasi kambini. Walifunga barabara, wakawashika maofisa wao. Madai yao yalikuwa kwenda nyumbani. Makubaliano yalisema jeshi jipya la pamoja liwe la watu 30,000, waliojitolea hawakuzidi sana 12,000. Zaidi ya elfu sabini walivua sare.

Yule wa Renamo akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki wa sukari. Ndani yake kadi ya kuachiwa jeshi na vishina vya vocha za benki, vimefungwa kwa uzi mwekundu. Kila mmoja alilipwa kwa miezi 24: sita ya serikali, 18 ya wafadhili, kwa awamu, katika benki iliyo karibu na mahali alipochagua kwenda kuishi. Vishina vimekuwa na rangi ya chai, kingo zimeliwa na mende, lakini mhuri unasomeka. Alinionyesha kimoja kimoja kwa kidole. Hiki alinunua mbuzi. Hiki bati mbili. Hiki alikunywa chote. Hiki alimpelekea mama wa binti aliyemuoa, "maana huwezi kwenda kwa wakwe na mkono mtupu ukiwa unatoka porini."

"Fedha ilikuwa ndogo," akasema. "Lakini ukiwa na vishina, watu kijijini wanajua huyu mwezi ujao ana hela. Wanakuuzia kwa mkopo. Wanakuacha uishi."

Mwenzake akacheka akasema wao ndio walikutania benki. Foleni moja, saa nzima, mmoja nyuma ya mwingine. Hawakusalimiana mara ya kwanza. Mara ya pili mmoja akaomba kalamu.

Nimeandika maneno hayo kama yalivyotafsiriwa, sitaki kuyaongezea.

Usiku nimemuuliza dada juu ya uchaguzi. Alikuwa darasa la nne. Anakumbuka redio: mkesha wa kupiga kura, Oktoba 26, 1994, Dhlakama alitangaza anajitoa. Mama yake akaanza kufunga vyombo kwenye kapulana, tayari kurudi Tanzania kwa miguu. Siku mbili mabalozi na viongozi wa nchi jirani walimbana mpaka Oktoba 28 akarudi, na siku ya tatu ya kura ikaongezwa. Chissano alipata asilimia 53, Dhlakama karibu 34. Mama alifungua vyombo baada ya matokeo, si kabla.

Jumanne, 3 Oktoba. Gorongosa

Leo nimekaa na mganga, mama wa makamo, ua wake umefagiwa mistari kama umechanwa kwa kitana. Mwalimu alituombea nafasi. Tuliketi mkekani, tukavua viatu, na nilianza tena na mvua, akatabasamu kwa sababu pengine alishaambiwa.

Huku kuna kitu wanakiita gamba, wakiwa wengi ni magamba. Ni roho ya askari aliyeuawa vitani na hakuzikwa. Anarudi na kumwingia mtu, mara nyingi ndugu wa yule aliyemuua au aliyemtendea ubaya. Mgonjwa hapati mtoto, hashiki kazi, usiku anapiga saluti amelala. Mganga haangalii mgonjwa peke yake. Anaita ukoo. Anayedaiwa anaitwa na watu wake, aliyekufa ana watu wake, wote wanakaa hapa hapa uani, na gamba anazungumza kwa kinywa cha mgonjwa: jina lake, alitoka wapi, alikufa vipi, nani alikuwepo. Anasema anachodai. Baba wa familia anakataa, anakasirika, anakubali nusu. Wanaweza kwenda siku mbili. Mwisho wake yanasemwa yaliyotendeka, mbele ya majirani, na fidia inakubaliwa.

Kwetu tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nilimtafsiria mama huyu methali hiyo kupitia dada. Alifikiri kidogo akajibu kwamba kwake wanaletwa wagonjwa wa yaliyopita tu, hajawahi kuletewa mgonjwa wa yajayo.

Mie ni mtoto wa nyumba ya swala tano, mambo ya mizimu nilikatazwa kuyakaribia, na sikuja kuhukumu yupi kweli yupi si kweli. Ila nimeona hivi: bungeni walifunga kinywa, na kwa kufunga kinywa walizuia vita isirudi mwaka ule. Watu wa Gorongosa hawakuweza kuishi na kinywa kilichofungwa, kwa hiyo wakatafuta kinywa cha wafu kiseme kwa niaba yao. Mtu aliye hai akisema, "Wewe ulimuua kaka yangu," ni kuanzisha ugomvi. Marehemu akisema mwenyewe, hakuna wa kumpiga. Mahakama ilikosekana, ua wa mama huyu ukaifanya kazi. Hiyo nusu ya pili ya amani sikuwahi kuiona imeandikwa kwenye makubaliano yoyote.

Nikamuuliza je, na askari waliotoka nchi nyingine? Wazimbabwe, Watanzania? Nao wanatokea?

Akanitazama muda mrefu. Akauliza nina nani aliyekuja. Nikasema baba yangu mkubwa, lakini alirudi mzima. Akauliza, "Alipofika nyumbani walimwosha?"

Nikasema sijui. Akasema kwao aliyetoka vitani haingii ndani kabla hajaoshwa na wazee, nguo alizokuja nazo zinachomwa, na anaitwa upya kwa jina alilopewa na bibi yake. Hata watoto walioshikishwa bunduki waliporudi walifanyiwa hivyo, ndipo wakaruhusiwa kula na wenzao sahani moja.

Sikulala vizuri.

Jumatano, 4 Oktoba. Beira

Sikukuu ya Amani. Tumeingia mjini saa nne. Shada limewekwa, hotuba zimesomwa, na mchana magari ya kampeni yamerudi barabarani na spika. Bado nyumba nyingi zina mabati mapya juu ya kuta zilizopasuliwa na kimbunga Idai mwaka 2019.

Tulikwenda kanisa kuu. Hapa alihudumu Jaime Gonçalves, aliyefariki 2016. Mwaka 1988, serikali ikiwaita Renamo majambazi na kuongea nao ni uhaini, yeye aliingia msituni kuonana na Dhlakama uso kwa uso. Wote wawili walikuwa Wandau, wakaongea kwa lugha ya nyumbani. Kabla ya Roma, kabla ya wafadhili na mifuko, kulikuwa na mtu mmoja aliyekubali kwenda kumsikiliza adui kwa lugha ya mama yake. Niliketi benchi la nyuma nikafikiri hivyo kwa muda, dada akiwa nje anatafuta mtandao.

Jioni nimepiga simu Mtwara.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi?"

"Beira. Baba mkubwa, ulipofika Zambézia mwaka ule, mvua ilikuwa inanyesha?"

Kimya. Nilidhani laini imekatika.

"Ilinyesha," akasema. "Ilinyesha wiki mbili mfululizo. Tulikuwa tumelala chini ya lori. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kilosa, yeye alikuwa hawezi kulala mvua ikipiga bati, basi akawa anatuimbia..."

Ameongea dakika arobaini na saba. Salio likaisha, dada akaniongezea la kwake. Nyuma ya sauti yake niliwasikia kuku, giza lilishaingia Mtwara na walikuwa bado nje, na hakuwataja.